Mwanamke Aliyehesabu Milango

Kwa miaka tisa nilishika funguo za ule ukumbi mkubwa wa mikutano wa mtaa wa Himbi, kando ya ziwa. Sikuwa bosi wala karani. Nilikuwa mwanamke wa funguo. Wageni walipokuja mimi ndiye niliyefungua, nikapanga viti, nikatandika vitambaa vya kijani juu ya meza, nikajaribu mikrofoni moja moja, na mkutano ulipokwisha nikafunga tena. Mjini watu waliuita Sali, kutokana na neno la Kifaransa la ukumbi. Mama yangu hakusoma sana, na aliposikia jina hilo mara ya kwanza alifurahi, akadhani nimepata kazi mahali pa kusali. Nilimwacha na furaha yake mwezi mzima kabla ya kumweleza.

Jengo lilikuwa zuri, siwezi kukataa. Upande wa barabara lilikuwa na ukuta mnene wa mawe meusi ya volkano, bila dirisha hata moja. Upande wa ziwa ni vioo vitupu, kutoka chini mpaka juu, hata mtu akisoma hotuba ndefu wasikilizaji walitazama maji. Chini ya ukumbi kulikuwa na depo ya viti, chumba kirefu kilichochongwa ndani ya jiwe lenyewe. Na mwisho wa bustani kulikuwa na geti dogo la chuma lililotokea moja kwa moja majini, kwa wageni waliofika kwa boti kutoka Bukavu.

Humo yalipita mambo ya kila namna: harusi za wafanyabiashara, maonyesho ya kahawa na jibini, semina za mashirika, makongamano ya wachungaji. Vita ilipochacha huko vilimani, ikaja mikutano ya amani. Hiyo ndiyo iliyonifundisha kuangalia watu. Niliona wajumbe waliokuja kupatana wakiacha chupa za maji nilizowawekea mezani, kila mmoja akitoa chupa yake mfukoni. Niliona mzee mmoja mwenye suti akigoma kukaa kwenye kiti kilichogeuzia vioo mgongo, tukasimamisha mkutano mzima kwa ajili ya kiti. Wengine walibadilisha vibao vya majina nilipokwenda jikoni, wasikae karibu na fulani. Kidogo kidogo na mimi nikaanza. Nikiingia chumba chochote, hata msibani, jicho langu lilitafuta kwanza nani anamkwepa nani.

Lakini nisisingizie kazi peke yake. Sisi asili yetu ni Butembo, na mama yangu mdogo aliuawa shambani upande wa Beni, yeye na mume wake, msimu wa kuvuna maharagwe. Majirani waliobaki walisimulia kwamba siku chache kabla alipita mtu akiuza sabuni, akiuliza maswali: humu mnakaa wangapi, njia hii inatokea wapi, mbwa yuko? Hakuna aliyejua kama yule muuza sabuni alikuwa na kosa lolote. Pengine alikuwa mtu wa maneno mengi tu. Hata hivyo habari hiyo ilikaa nyumbani kwetu, na tangu wakati huo mtu mgeni akiuliza jambo, mama yangu alijibu kwa kuuliza: wewe unatoka wapi?

Mwaka ninaousimulia, vita ilikuwa imeshuka karibu. Watu walikimbia kutoka Masisi na Rutshuru wakajaa pembezoni mwa mji, kambi baada ya kambi, vibanda vya maturubai juu ya mawe makali ya lava. Shirika moja likakodi Sali kwa maonyesho ya kazi za mikono za wanawake wa kambini. Nilipanga meza pande zote za ukumbi, na asubuhi wakaja na mizigo yao: vikapu, mikeka, sabuni, mbabula za udongo za kupikia kwa makaa machache.

Mmoja wao alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kilemba cha kahawia, aliyeleta vikapu. Alitoka vilima vya Masisi na alizungumza Kiswahili chenye mlio wa Kinyarwanda. Nilimpa beji na kumwonyesha meza yake. Akashukuru vizuri. Vikapu vyake vilikuwa vya hali ya juu, vimefumwa kwa kukazwa hata maji yasingevuja. Lakini hakukaa navyo. Wenzake waliita wageni na kusifu bidhaa, yeye aliacha vikapu mezani akawa anatembea.

Nilimwona kwanza kwenye ukuta wa mawe. Aliugonga kwa vifundo vya vidole, akaweka kiganja, akaondoka. Halafu nikamwona akitembea kutoka mlango wa mbele mpaka vioo kwa hatua zilizo sawa, midomo ikichezacheza. Alikuwa akihesabu. Baadaye nikamkuta kwenye ngazi za depo, ameinama anachungulia chini.

"Mama, unatafuta choo?" nikamwuliza.

"Hapana, mama. Naangalia tu. Huku chini ni kubwa?"

"Ni ya viti."

"Na ile geti ya kule, inafungukaka kwa maji?"

"Juu ya nini unauliza?"

Alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Ni kujua tu. Nyumba muzuri namna hii."

Baada ya chakula cha mchana alimwuliza mzamu wetu, mzee aliyelinda geti la barabara, kama tangi la maji linajaa kwa pampu au kwa mvua, na kama linatosha watu wengi. Mzee akamjibu bila kufikiri. Alipokuja kunisimulia akicheka, mimi nikaanza kujumlisha. Ukuta, hatua, depo, geti, maji. Nikamwona muuza sabuni wa Beni ambaye sikuwahi kumwona.

Nilikwenda kwa direkta, mkuu wa ukumbi. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi vizuri, mwenye simu tatu, na hakupenda kusumbuliwa wakati wa maonyesho. Nilimweleza yote. Aliacha simu.

"Anatoka wapi?"

"Kambini. Mutu wa Masisi."

"Anasema Kinyarwanda?"

Nilijua jibu langu litafanya nini: siku hizo lugha hiyo ilitosha mtu kudhaniwa mpelelezi wa waasi. Nusu ya mji wetu inasema Kinyarwanda, wamo majirani zangu wa mtaani Mabanga ambao wamenishikia watoto wangu wakiwa wachanga. "Ndiyo," nikasema. "Anasema."

Direkta akapiga simu, wakaja wanaume watatu wa usalama wenye nguo za kiraia. Walimchukua mchana, mbele ya wageni, kutoka kwenye meza yake ambayo kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameisimamia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nimefanya nini?" na mmoja akamjibu kwamba atajua mbele. Wenzake wa kambini wakakusanya vitu vyao kimya kimya. Kabla ya jua kupungua ukumbi ulikuwa mtupu, isipokuwa vikapu vyake.

Alirudi kuvichukua siku ya tatu. Alikuwa bila kilemba, na alitembea ameshika ubavu. Nilimfungulia depo nilikokuwa nimeviweka. Akavipachika kimoja ndani ya kingine, taratibu, kwa mkono mmoja. Halafu akanitazama.

"Ni weye," akasema.

"Miye hapana," nikamjibu haraka. "Hapa batu ni wengi."

Halafu akajitwika vikapu, akaenda.

Ule uongo ulinitoka kirahisi kiasi kwamba nilijishangaa. Usiku na mchana niliendelea kujiambia nilifanya vizuri, kwamba mtu asiye na hatia haulizi habari za tangi la maji. Direkta naye alinisifu. Alinisifu mbele ya wafanyakazi wote, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa adhabu yangu. Wanawake wa usafi wakaanza kukatiza mazungumzo nilipoingia jikoni. Mpishi, aliyezoea kunimiminia chai, sasa alisogeza birika nijimiminie mwenyewe. Hata mzee wa geti, rafiki yangu, nilipomsalimia alijibu, "Salama, mama," akageukia redio yake. Walikuwa wanajiuliza nitamtaja nani kesho. Na direkta hakuniacha: kila wiki aliniita ofisini, akafunga mlango, akauliza nimeona nini. Nami nilimpa vijineno. Fulani anapigiwa simu sana. Fulani ana shemeji jeshini. Vitu vya bure, nilijidai, visivyoumiza mtu. Sikujua alivipeleka wapi. Sijui mpaka leo.

Vita ikazidi kusogea. Barabara zikafungwa moja baada ya nyingine, mpaka mji ukabaki na ziwa tu. Mume wangu, aliyekuwa akisafirisha maharagwe, alikwama Butembo, tukazungumza kwa simu iliyokatikakatika. Umeme ukaondoka, maji ya bomba yakafuata. Mikutano ikafutwa. Asubuhi moja direkta alikuja na mabegi mawili, akapita bustanini moja kwa moja mpaka geti la ziwani, ambako boti ilimngoja.

"Funga kila kitu," akaniambia, mguu mmoja tayari ndani ya boti. "Mutu asiingie. Mutu yeyote, unasikia?"

Nikafunga geti nyuma yake. Nilisimama pale nikisikia injini ikienda zake, na nilijiuliza, kwa mara ya kwanza, kama vijineno vyangu vilikuwa vinamsaidia kujua saa ya kuondoka.

Siku ya pili yake mabomu yalianza kuanguka mjini. Moja lilipiga karibu na kwetu Mabanga, mabati ya nyumba ya jirani yakapaa kama makaratasi. Nilishika wanangu wawili, mama akachukua rozari na sufuria ya bugali tuliokuwa tumesonga, tukakimbia. Akili yangu ilijua mahali pamoja tu. Ukuta mnene, depo ndani ya jiwe, tangi lililojaa. Njiani, tukiwa tumejibanza kwenye mfereji kusubiri milio itulie, nikatambua kwamba nilikuwa nikihesabu vitu vilevile alivyohesabu yule mwanamke. Nilihisi aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu, tukaendelea.

Mzee wa geti alitufungulia. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Tukashuka depo, tukatandaza vitambaa vya kijani chini, watoto wakalala juu yake. Kila kishindo kilipofika vumbi lilidondoka kutoka darini, lakini jiwe halikutikisika.

Kabla ya adhuhuri mzee alishuka ngazi anahema. "Mama, kuko batu kwa geti ya maji. Wengi. Ni bamama na batoto."

"Mwambie imefungwa."

"Niliwaambia. Hawaondoke."

Nikapanda mwenyewe. Vioo vyote vya upande wa ziwa vilikuwa vimepasuka, nikakanyaga vipande mpaka bustanini. Nyuma ya chuma cha geti niliona vichwa, magodoro yaliyokunjwa, bidoni za maji za njano, mtoto aliyefungwa mgongoni. Walikuwa wamepita kando ya ufuko, miguu ndani ya maji, ili wasionekane barabarani. Mbele yao alisimama mwanamke mrefu. Nilimtambua kabla hajasema.

"Ni weye tena," akasema.

Nikauliza swali la kijinga. "Umefika hapa namna gani?"

"Nilijua njia. Si niliiuliza?"

"Ulikuwa unahesabu milango juu ya hii?"

"Bunduki kubwa za baaskari waliziweka pembeni ya kambi yetu. Kila mutu aliona. Siku ya vita zitajibiwa, na zitajibiwa juu ya maturubai yetu. Nilitafuta pahali kwenye batoto wanaweza kuingia." Alisema bila hasira, kama mtu anayemweleza karani. "Asubuhi hii zilijibiwa."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Weye?"

Ningependa kuandika kwamba nilifungua palepale. Sikufungua. Nilisimama na funguo mkononi nikiwatazama, na kichwa changu kikaanza kazi yake. Je, nyuma yao kuna wanaume? Ndani ya magodoro kuna nini? Kwa nini wamekuja kwa maji? Mama yangu alikuwa amepanda nyuma yangu, sikumsikia. Nilitegemea yeye ndiye atakayeuliza wanatoka wapi. Aliwatazama, akamtazama yule mtoto wa mgongoni, akasema, "Uyo mutoto miguu yake imelowa." Basi. Hakuongeza neno.

Nikafungua, lakini kwa masharti. Niliwaingiza mmoja mmoja. Niliwaamuru waweke mizigo chini, nikaipekua. Nilitoboa magodoro kwa kijiti, nikakung'uta vitenge, nikafungua sufuria. Nilikuta unga, Biblia, vyeti vya ubatizo ndani ya mfuko wa nailoni, kiatu kimoja cha mtoto. Wanawake walisimama mikono pembeni, wameyazoea mambo hayo. Yule mrefu alikuwa wa mwisho. Aliufungua mzigo wake mwenyewe kabla sijamwambia, akanigeuzia uso pembeni mpaka nilipomaliza. Walikuwa zaidi ya hamsini. Bomu lingine lilianguka majini, si mbali, likatumwagia maji sote, wao na mimi. Ndipo tukakimbia kushuka.

Tulikaa mle depo siku tatu. Watu wakisikia habari hii hudhani tulikumbatiana. Hapana. Upande mmoja wa chumba walikaa wao, upande wa pili sisi wanne na mzee wa geti, katikati tukaacha nafasi ambayo hakuna aliyeipanga. Nilipowaletea maji ya tangi kwa ndoo ya kwanza, watoto wao wakainuka na vikombe. Yule mwanamke akawazuia kwa mkono.

"Kunywa weye kwanza," akaniambia.

Nikanywa. Alisubiri, akinitazama koo, halafu uso. Watoto walikuwa wanalia kiu. Alisubiri mpaka aliporidhika, ndipo akatoa mkono. Alifanya hivyo kila ndoo, siku zote tatu, na kila ndoo nilikunywa mbele yake bila kusema kitu. Nilijua vizuri sana nilichomfundisha.

Chakula tulipika mara moja kwa siku, kwenye mbabula waliyoibeba, mlangoni penye hewa. Siku ya pili mama yangu alivuka ile nafasi ya katikati na sufuria yetu akawaongezea kwenye yao, wakapika pamoja. Yeye hakuuliza ruhusa kwangu. Akakaa upande wao akisali rozari na vikongwe wawili Wakatoliki, wao kwa lugha yao, yeye kwa Kinande chetu. Mimi nilibaki upande wangu nikiangalia mlango.

Siku ya tatu milio ilipungua. Kulipokucha vizuri tukasikia geti la barabara linapigwa kwa kitako cha bunduki. Mzee akaenda kufungua. Waliingia vijana wanne wenye silaha. Sikujua ni wa upande gani, na siku hizo hilo lilikuwa swali ambalo mtu hakuuliza. Walishuka ngazi mpaka nusu, wakatumulika kwa tochi.

"Nani ako na funguo ya hapa?" akauliza mkubwa wao.

Nikainuka. "Ni miye."

"Unafanya kazi ya nani?"

"Ya kusafisha. Kupanga viti."

Alicheka. "Mutu wa kupanga viti anapewa funguo zote?" Akamulika upande wa pili, akaanza kuwauliza wale wanawake, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kinyarwanda. Niliyaelewa yaliyonihusu. Aliuliza kama humu yumo mtu wa serikali. Aliuliza kama yumo mtu anayepeleka majina ya watu. Alisema walikuwa wameambiwa kwamba katika jengo hili kuna mtu wa namna hiyo.

Mwanangu mdogo alikuwa ameshika kitenge changu. Mzee wa geti alitazama chini. Alijua, na yule mwanamke alijua. Ubavu wake ulikuwa unajua. Akainuka polepole, kama mtu anayeumwa mgongo, akamjibu kijana kwa Kinyarwanda, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili mimi nisikie.

"Hapa kuko bamama, batoto, na muzee wa mulango. Uyu ni wa maji. Anatuchotea maji."

Kijana alinimulika usoni tena. Nilijua akiuliza swali moja zaidi nitaanguka. Hakuuliza. Walichukua redio ya mzee na viti vichache, kwa sababu wanazojua wenyewe, wakatoka.

Halafu maisha ya chumba yakarudi, mtoto akalia, mtu akakohoa. Nikavuka ile nafasi ya katikati kwa mara ya kwanza, nikachutama mbele yake.

"Mbona hukunitaja?"

Alikuwa anakunja mkeka. "Kama wangekutoa, nani angetufungulia tangi? Ile mufereji ya tangi ni ngumu kufungua, nilijaribu jana."

"Ni ile tu?"

"Ulitaka iwe nini?"

Nikakaa chini kabisa, juu ya jiwe. "Siku ile ya vikapu. Ni miye nilisema kwa direkta."

"Najua."

"Nilikudanganya."

"Ndiyo." Akafunga mkeka kwa kamba, akakaza fundo kwa meno. "Walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu."

Akanitazama, na hapo nikaona kitu kinachofanana na huruma, ingawa si kwa namna ninayopenda kuikumbuka. "Hata kitu," akasema. "Yesu."

Nilimwomba msamaha. Alinisikia mpaka mwisho bila kunikatiza. Hakusema amesamehe, wala hakusema hapana. Alisema, "Siku mbili walinipiga wakiuliza nani alinituma. Sikuwa na jina la kuwapa. Ningekuwa na jina lolote, ningewapa, haki ya Mungu. Ningewapa hata la jirani." Kisha akaniomba nimfungulie geti, kwa sababu wanawake walitaka kwenda kuangalia kilichobaki kambini.

Nilimfungulia la barabara. Walitoka mmoja mmoja na magodoro yao vichwani, wakapanda kuelekea kambini. Hakugeuka. Siku zilizofuata kambi zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao, wakapakiwa kwenye malori. Nilikwenda mara mbili mahali malori yalipokuwa yanapakia, nikamtafuta. Sikulikumbuka hata jina la kumuulizia, ingawa nililiandika mwenyewe kwenye beji yake. Nilieleza: mrefu, wa vikapu. Watu walinitazama, wakaniuliza namtaka kwa nini, nikaona wazi kwamba hata wangemjua wasingeniambia. Ningefanya vilevile.

Direkta alirudi mji ulipotulia, akakuta vioo vimepasuka, depo inanuka moshi na vitambaa vyake vya kijani vimechanwa kuwa nepi. Alitaka kumfukuza mzee wa geti. Nikamwambia mageti niliyafungua mimi, yote mawili, kwa mkono wangu. Aliniuliza kama najua ningeweza kuwaingiza watu gani. Nikamwambia najua, kwa maana niliwapekua. Sijui kama alielewa nilikuwa nasema kwa uchungu gani. Alinipokonya funguo siku ileile, na mzee akabaki na kazi yake. Aliponisindikiza mpaka barabarani, yule mzee aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu maonyesho ya vikapu.

Sasa nauza maharagwe mtaa wa Majengo pamoja na mume wangu, aliyerejea barabara ilipofunguka. Mama yangu amezeeka, hasikii vizuri. Mjini kila mtu bado anamchunguza mwenzake, kwa lafudhi, kwa viatu, kwa simu anayopokea akijitenga. Nami sijapona, nisidanganye.

Wiki iliyopita alikuja mtu nisiyemjua, akaacha kununua akaanza kuuliza: katika mtaa huu nani ana kisima, na nyumba ile ya kona ina watu? Nilimtazama viatu, vilikuwa na matope mekundu, si ya kwetu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: juu ya nini unauliza? Nikayameza. Nikamwonyesha kisima kwa mkono, nikamwambia nyumba ya kona ni tupu, mwenyewe anapangisha. Akashukuru, akaenda. Nikamwachia mume wangu mzani, nikatoka nje ya kibanda nikasimama juani, nikimwangalia mpaka alipoinama kisimani, akanawa uso, akamwita mwanamke aliyekuwa anangoja ng'ambo ya barabara na vitu vyao vyote kichwani.